Bibi Mwenye Umbo Dogo Ale Kiasi Gani kwa Siku?

Somo la redio kwa madarasa ya watu wazima: Afya ya Nyumbani

Tunaomba mkae vizuri, na kila mtu awe na daftari na kalamu, maana somo la leo lina hesabu ndani yake. Si hesabu ngumu. Ni kuzidisha, kujumlisha na kutafuta nusu, mambo ambayo mmekwisha kujifunza darasani. Tutazitaja namba polepole, na mwalimu wenu ataziandika ubaoni.

Leo tutazungumza habari za chakula cha mama zetu na bibi zetu waliokwisha kupita miaka 60, hasa wale wenye umbo dogo. Katika nyumba nyingi chungu ni kimoja na mwiko ni mmoja, na mwenye kupakua hupakua kwa desturi tu. Ziko nyumba ambazo bibi hupewa sahani sawasawa na ya kijana atokaye shamba. Hiyo ni heshima, na akibakiza huulizwa, "Mbona huli, bibi?" Ziko nyumba nyingine ambazo bibi hupewa kikombe cha uji na chai ya sukari nyingi, kwa kuwa watu husema mzee hana haja tena ya nyama wala samaki.

Nyumba zote mbili zampenda bibi. Lakini ile ya kwanza yaweza kumletea unene, na unene huongeza hatari ya kisukari na shinikizo la damu. Ile ya pili yaweza kumlegeza misuli, hata siku moja ateleze uani, avunjike nyonga, na asitembee tena kama zamani. Kwa hiyo jambo hili si dogo.

Shikeni neno hili moja, kwa kuwa ndilo somo lenyewe: bibi mwenye umbo dogo ahitaji chakula kidogo kwa kipimo, lakini hahitaji chakula hafifu. Sasa tutaona kwa nini.

KALORI NI NINI?

Taa ya chemli huwaka kwa mafuta ya taa. Jiko huwaka kwa makaa. Mwili wa mtu nao una moto wake, na kuni zake ni chakula. Hata mtu akilala, moyo wapiga, mapafu yapumua, na damu yakaa na joto lake. Kazi hizo zote hutumia nguvu, na nguvu hiyo yatoka katika chakula.

Kalori ni kipimo cha nguvu hiyo, kama vile kilo ni kipimo cha uzito na lita ni kipimo cha maji. Kalori moja ya chakula ni joto la kutosha kuongeza digrii moja katika lita moja ya maji.

Katika miaka ya 1890, huko Marekani, mtaalamu Wilbur Atwater na mwenzake Edward Rosa walitengeneza chumba kidogo kilichofungwa barabara. Mtu alikaa ndani yake siku kadhaa, akila, akilala na kufanya kazi, nao wakapima joto lililotoka mwilini mwake. Kutokana na kazi za Atwater tumepata namba tatu ambazo zatumika mpaka leo. Andikeni:

Gramu 1 ya wanga hutoa kalori 4.
Gramu 1 ya protini hutoa kalori 4.
Gramu 1 ya mafuta hutoa kalori 9.

Wanga ni kama ugali, wali, muhogo, viazi na sukari. Protini ni chakula cha kujenga mwili, kama maharage, dagaa, mayai, maziwa na nyama. Mafuta mwayajua. Tazameni namba zile tena. Mafuta yana nguvu kupita mara mbili ya vyakula vingine. Kijiko kimoja cha chakula cha mafuta ya kupikia kina karibu kalori 120. Ni kitu kidogo machoni, lakini ni kikubwa katika hesabu.

KWA NINI MAHITAJI HUPUNGUA?

Ziko sababu tatu.

Sababu ya kwanza ni umbo. Nyumba ndogo haihitaji mabati mengi kama nyumba kubwa, na mwili mdogo hauhitaji kuni nyingi kama mwili mkubwa.

Sababu ya pili ni umri. Misuli hutumia nguvu nyingi kuliko mafuta ya mwilini, hata mtu akiwa amekaa. Tangu miaka ya 30 na kitu, misuli huanza kupungua kidogo kidogo, na baada ya miaka 60 hupungua upesi zaidi, hasa kwa mtu asiyeitumia.

Sababu ya tatu ni kazi. Bibi aliyekuwa akitwanga, akichota maji na kulima tangu alfajiri, sasa ana wajukuu wa kumchotea. Kazi imepungua, lakini pengine sahani haikupungua.

TUFANYE HESABU

Tufanye kuwa yuko bibi mmoja mwenye miaka 68. Uzito wake ni kilo 45, na kimo chake ni sentimita 148. Afanya kazi ndogo ndogo za nyumbani: afagia, achambua mchele, aenda kwa jirani na kurudi.

Mwaka 2001 wataalamu wa Umoja wa Mataifa wa mambo ya chakula na afya walikutana Rome kuzungumza habari za nguvu ambazo mwili wahitaji. Katika taarifa yao imo kanuni ya wanawake waliofika miaka 60 na kuendelea. Tumezikata namba zake kidogo ili iwe rahisi. Andikeni:

Hatua ya kwanza: chukua uzito kwa kilo, zidisha kwa 9.
Hatua ya pili: ongeza 660.

Kwa bibi yetu: 45 mara 9 ni 405. Ongeza 660, tunapata 1,065. Hizo ni kalori ambazo mwili wake hutumia kwa siku nzima hata kama amelala tu kitandani.

Hatua ya tatu ni ya kazi. Bibi afanyaye kazi ndogo ndogo, tunachukua hesabu ile na kuiongeza nusu yake. Nusu ya 1,065 ni karibu 532. Jumla ni 1,597. Basi tuseme 1,600.

Kama bibi angali akilima kila siku, asiongeze nusu. Azidishe kwa 17, halafu agawanye kwa 10. Atapata karibu 1,810. Kama hukaa sana kitini, azidishe kwa 14, agawanye kwa 10. Atapata karibu 1,490.

Sasa tumtazame mkwe wake. Ana miaka 35, uzito wake ni kilo 62, naye alima, apika na kubeba mizigo. Kwa kanuni ya umri wake, mkwe huyu ahitaji karibu kalori 2,400. Kwa hiyo bibi ahitaji kama theluthi mbili tu za chakula cha mkwe wake. Akila sawasawa naye kila siku, kilichozidi hugeuka mafuta mwilini. Haba na haba hujaza kibaba.

Pengine mwanafunzi mmoja atauliza, "Je, namba hiyo 1,600 ni ya hakika?" Hapana. Ni makisio. Iko kanuni nyingine, iliyotolewa Marekani mwaka 1990, ambayo hutazama kimo na umri pia. Kanuni hiyo, kwa bibi huyu huyu na kazi hizo hizo, hutoa karibu kalori 1,310. Twaona kwamba wataalamu wawili waweza kutofautiana kwa kalori 300 hivi, nazo si chache. Ni kama ugali wa unga wa gramu 80. Basi kweli ya bibi yetu iko mahali fulani kati ya 1,300 na 1,600. Bibi mwembamba na aanze na namba ya juu. Bibi mnene na aanze na namba ya chini au ya katikati. Baadaye mizani itasema. Hesabu ni shahidi, lakini hakimu ni mizani.

PROTINI HAIPUNGUI

Hapa ndipo nyumba nyingi hukosea. Watu husikia kwamba mzee ahitaji kalori chache, nao hupunguza kila kitu, na mara nyingi huanza na kitoweo. Hapo wamepunguza kisichofaa kupunguzwa.

Kwa mtu mzima wa kawaida, kipimo cha protini ni karibu gramu 0.83 kwa kila kilo ya uzito. Mkwe wetu wa kilo 62 ahitaji basi gramu 51 hivi kwa siku. Lakini mwili wa mzee hautumii protini kwa wepesi kama mwili wa kijana. Kwa sababu hiyo wataalamu wengi wa afya ya wazee siku hizi wasema mzee apate gramu 1 mpaka gramu 1.2 kwa kila kilo. Kwa bibi yetu wa kilo 45, hiyo ni gramu 45 mpaka 54.

Linganisheni. Mkwe gramu 51. Bibi gramu 45 mpaka 54. Ni karibu sawa! Lakini bibi ana nafasi ndogo zaidi sahanini mwake, theluthi mbili tu. Kwa hiyo kila tonge la bibi lapaswa kuwa na kitu cha kujenga mwili kuliko tonge la kijana. Kalisi nayo, yaani madini yajengayo mifupa, haipungui. Mahitaji yake huongezeka baada ya hedhi kukoma. Dagaa waliwao na mifupa yao, maziwa na mboga za majani husaidia hapo.

Tazameni mfano huu. Bibi anywa vikombe 3 vya chai kwa siku, na kila kikombe chatiwa vijiko 3 vya sukari. Hivyo ni vijiko 9. Kila kijiko cha chai cha sukari kina karibu kalori 16. Jumla ni kama 145. Mayai 2 yana kalori karibu sawa na hizo, 150 hivi. Lakini mayai 2 yana gramu 12 za protini, na sukari haina hata moja. Nafasi ni ile ile. Faida si ile ile.

SAHANI YA SIKU MOJA

Sasa tupange chakula cha siku moja cha bibi yetu. Vipimo vya unga, mchele, maharage na dagaa ni vya vitu vikavu, kabla ya kupikwa.

Asubuhi: uji wa unga gramu 40, maziwa kikombe kimoja cha robo lita, sukari vijiko vya chai 2, na yai 1. Karibu kalori 400.

Mchana: ugali wa unga gramu 120, maharage gramu 50, mchicha, na mafuta kijiko kimoja cha chakula. Karibu kalori 745.

Alasiri: ndizi mbivu 1. Karibu kalori 100.

Usiku: wali wa mchele gramu 60, dagaa gramu 20, nyanya na kitunguu, na mafuta kijiko kimoja cha chai. Karibu kalori 345.

Jumlisheni: 400, na 745, na 100, na 345. Tunapata 1,590. Protini yake hupita gramu 50. Hapana kitu cha anasa hapo. Ni vyakula vya soko letu wenyewe.

Je, ikiwa bibi ni wa kalori 1,300? Tupunguze ugali kwa unga gramu 40, na mchele gramu 20. Tuache sukari ya uji. Mafuta ya mchana yawe nusu kijiko. Tumepunguza kalori 300 hivi. Angalieni tulichokiacha bila kukigusa: maziwa, yai, maharage, mchicha na dagaa. Hiyo ndiyo njia. Punguzeni wanga, sukari na mafuta. Msipunguze kitoweo na mboga.

Bibi asiye na meno asiachwe na uji mtupu. Maharage yapondwe, dagaa watwangwe unga na kutiwa katika mchuzi, na uji utiwe maziwa au karanga zilizosagwa. Apewe pia maji mara kwa mara, kwa kuwa wazee huchelewa kusikia kiu.

MIZANI NI HAKIMU

Baada ya kupanga, pimeni. Bibi apimwe uzito mara moja kila mwezi katika zahanati, kwa mizani ile ile, akiwa amevaa nguo nyepesi. Namba iandikwe daftarini pamoja na tarehe. Hii ni kazi nzuri kwa mjukuu ajuaye kuandika, na ni kazi nzuri zaidi kwa bibi mwenyewe aliyejifunza kuandika katika darasa hili.

Uzito ukikaa pale pale, na bibi ana nguvu, basi kiasi anachokula ndicho kiasi chake. Hana haja ya kubadili kitu kwa sababu ya kanuni yo yote.

Uzito ukishuka kilo 1 kwa mwezi, jueni kwamba kilo moja ya mafuta ya mwili ni kama kalori 7,700. Gawanyeni kwa siku 30. Tunapata karibu 250. Basi bibi hupungukiwa kalori 250 hivi kila siku. Aongezewe yai 1, kijiko kimoja cha chakula cha mafuta katika mboga, na nusu ya ndizi. Zinatosha.

Uzito ukipanda kilo 1 kwa mwezi na bibi ni mnene, apunguziwe kiasi hicho hicho, asipunguziwe zaidi. Na kama uzito wapanda upesi na miguu imevimba, hayo pengine si mafuta bali ni maji. Aende kwa daktari.

Mnene ni nani, na mwembamba ni nani? Kwa mwanamke wa sentimita 148, uzito wa kawaida wa mtu mzima ni kati ya kilo 41 na kilo 55. Lakini mzee si vizuri akaribie mno ile namba ya chini, maana akiugua hana akiba.

Kama hamna mizani karibu, tumieni macho. Je, pete yazunguka kidoleni? Je, kanga iliyomfunga mara moja sasa yazunguka mara mbili? Tena mwambieni ainuke kitini bila kushika kitu kwa mikono. Mwezi jana aliweza, na mwezi huu hawezi? Basi misuli ya miguu yapungua, hata kama uso ungali umejaa. Chakula peke yake hakijengi misuli. Hapana budi misuli itumiwe. Bibi atembee kila siku, na ainuke na kukaa kitini mara kadhaa, asubuhi na jioni, mtu akiwa karibu naye.

MAMBO YA KUANGALIA

Kwanza, bibi mwenye kisukari, ugonjwa wa figo au ugonjwa wa moyo amwulize daktari kabla ya kubadili chakula. Hasa mwenye figo mbovu asiongeze protini kwa shauri lake mwenyewe.

Pili, bibi atakaye kupungua asishuke chini ya kalori 1,200 kwa siku bila kuangaliwa na daktari. Katika chakula kidogo kama hicho ni vigumu kupata madini na vitamini zote.

Tatu, mzee akikonda bila kukusudia, msiseme, "Ni uzee tu." Uzee peke yake haumkondeshi mtu upesi. Akipoteza sehemu 5 katika kila 100 za uzito wake kwa muda wa miezi 6 hata 12, apelekwe akapimwe. Kwa bibi wa kilo 45, hizo ni kilo 2 na robo. Pengine ni ugonjwa, pengine ni meno, pengine ni huzuni ya kufiwa. Na pengine bibi ajinyima makusudi, ili wajukuu washibe. Hilo mizani italisema, hata kama bibi mwenyewe hasemi.

Wanafunzi wetu, wakati wetu umekwisha. Leo jioni, atakayeshika mwiko na akumbuke: sahani ya bibi iwe ndogo, lakini kitoweo chake kisiwe kidogo. Na kabla ya mwezi kwisha, bibi apandishwe mizani, namba iandikwe. Kwaherini.

MASWALI YA KUZUNGUMZA DARASANI

1. Kalori hupima nini?
2. Bibi mwenye miaka 70 ana uzito wa kilo 50, naye hufanya kazi ndogo ndogo za nyumbani. Kwa kanuni ya kwanza, ahitaji kalori ngapi kwa siku?
3. Kwa nini bibi wa kilo 45 ahitaji protini karibu sawa na mkwe wake wa kilo 62?
4. Ikiwa tunataka kupunguza kalori za bibi, tupunguze vyakula gani, na tusiguse vipi?
5. Nyumbani kwako, nani hupakua, na bibi hupata nini katika sahani yake? Mweleze mwenzako.

(Jibu la swali la 2: 50 mara 9 ni 450, ongeza 660 ni 1,110, ongeza nusu yake, 555, jumla ni kalori 1,665.)